PHP ya wanyonge, Elixir ya waungwana

Siku ile tulikuwa Shangani ya hapa Mtwara, upepo wa bahari unapiga mpaka vifuniko vya soda vinaruka mezani, pweza ameshaisha zamani tumebaki kuchovya kachumbari, na mwenzangu akarudia kwa mara ya nne kwamba tukiandika mfumo wetu kwa lugha ya programu inayoitwa PHP tutajuta. Mi nikamwambia tukiandika kwa Elixir, lugha aliyoitaka yeye, tutajuta mapema zaidi. Tukabishana mpaka muuza pweza akaja kuuliza kama kuna deni la mtu maana alisikia tu makelele.

Kwa ambao hawajui tulichokuwa tunahangaika nacho: huku kwetu Mtwara mkulima akishaokota korosho zake anazipeleka chama cha msingi, AMCOS, karani anapima, anaandika risiti, gunia linaenda ghala kuu, halafu linasubiri mnada. Ndo stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza huku msimu wa 2007/2008. Kati ya kupima na hela kuingia benki kuna siku kadhaa za mkulima kukaa gizani, hajui korosho zake zimefika wapi, zimeuzwa bei gani, makato ni yapi, ushuru wa halmashauri kiasi gani, chama kikuu kiasi gani, magunia, usafiri. Karatasi ya risiti yenyewe ikiloa mvua basi tena. Sisi tukasema tutengeneze kitu kidogo tu, karani akipima anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata meseji hapohapo kwenye kitochi chake, na mnada ukifanyika anapata meseji nyingine yenye bei na makato yote mstari kwa mstari. Basi. Hakuna apu, hakuna mambo ya akili bandia.

Sasa watu wawili wakikaa kuanzisha kampuni changa kitu cha kwanza kugombania ni hela, ila sisi hela hatukuwa nayo kwahiyo tukagombania lugha ya programu.

Mwenzangu alikuwa na hoja nzuri na nitaisema kwa haki kabisa. Elixir ilitengenezwa na Mbrazili, José Valim, ikatoka 2012, na imekaa juu ya mtambo wa Erlang, ile lugha waliyoianzisha Ericsson mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu. Mitambo ya simu haitakiwi kufa. Mtu akipiga simu ikakatika, inakatika ya kwake peke yake, wengine wanaendelea kuongea. Kila kazi inaishi kwenye kijichumba chake, chumba kimoja kikiungua msimamizi anakijenga upya na jirani wala hanusi moshi. WhatsApp walitumia Erlang, na Facebook ilipokubali kuwanunua 2014 kwa dola bilioni 19 walikuwa na watumiaji milioni 450 na mainjinia 32. Fikiria hapo. Sasa siku ya mnada unatakiwa kutuma meseji elfu kadhaa kwa mpigo kupitia njia za simu ambazo nusu yake zinagoma, hiyo ndo kazi Erlang ilizaliwa kuifanya. PHP ni kitu kingine, ombi linakuja, inaamka, inajibu, inakufa, ombi linalofuata linaikuta haikumbuki chochote. Kama mlinzi wa zamu.

Halafu akaniletea hadithi ya Viaweb. Mwaka 1995 Paul Graham na Robert Morris walianzisha kampuni ya kuwawezesha watu kujenga maduka ya intaneti, wakaiandika kwa Lisp, lugha ya John McCarthy ya tangu 1958 ambayo wafanyabiashara wa wakati ule hawakuitaka hata bure. Kwa sababu ni lugha yenye nguvu na wapinzani wao hawakuwa nayo, wakawa wanaongeza vitu haraka kuliko wengine wote, na 1998 Yahoo ikainunua. Somo lake likawa hili: ukiwa mdogo, chagua lugha yenye nguvu ambayo wakubwa wanaiogopa, usifuate wengi, wengi ndo wanaofeli.

Nilirudi Magomeni, ya hapahapa Mtwara, usiku ule nikiwa nimeshindwa hoja, nikakaa kitandani na bando la usiku nikaanza kumchimba huyo Morris. Na hapo ndo nilipoanza kukereka, maana hadithi ilikuwa imekatwa mwanzo. Baba yake Morris, naye anaitwa Robert Morris, alikuwa mtaalamu wa kompyuta Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, kwenye kundi lililofanya kazi ya Unix yenyewe, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kisha akawa mwanasayansi mkuu kwenye kituo cha usalama wa kompyuta cha NSA, idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Marekani. Yani kijana kakulia nyumba ambayo mambo ya kompyuta yanaongelewa kama sisi tunavyoongelea salfa ya mikorosho. Mwaka 1988 akiwa mwanafunzi akaachia mdudu kwenye intaneti, yani programu inayojisambaza yenyewe, ikaangusha maelfu ya kompyuta. Akashtakiwa, akapigwa faini, akafanya kazi za jamii, akawekwa chini ya uangalizi miaka 3. Miaka saba baada ya tukio ndo wanaanzisha kampuni. Leo ni profesa MIT, chuo kikuu cha huko Marekani. Simwonei wivu na wala sisemi angefungwa, nasema tu mi najua kijana wa hapa mtaani alikutwa na laini za simu zisizo za kwake, laini nne tu, na mpaka leo mtaani hana jina lingine.

Kwahiyo ile Lisp haikuwa silaha ya mtu asiye na kitu. Walikuwa wameshazoea vitu vingine kabla ya kufika kwenye lugha. Nilimwandikia mwenzangu meseji saa tisa usiku, ndefu, yenye hasira isiyomhusu. Akajibu asubuhi: "sasa baba yake Morris na korosho wapi na wapi bro".

Ngoja niseme wapi na wapi.

Huyu mwenzangu anatoka Mikindani, kwenye zile nyumba za mawe za zamani. Babu yake alikuwa na duka. Bibi yake, Mungu amrehemu, alikuwa akituona tunacheza anauliza "huyu mtoto wa nani?", na ukimwambia jina la babu yangu anasema aah, kwa ile aah ndefu ambayo mtu wa pwani anaielewa bila tafsiri. Mikindani na Kilwa Kivinje ni miji iliyouza watu. Waingereza walitoa sheria ya kufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, bibi alizaliwa baadaye kabisa, lakini neno muungwana, yani mtu asiyetokana na watumwa, halikufutwa na sheria yoyote, likabaki linaning'inia kwenye ukoo, nani wa bara nani wa mjini, nani bibi yake alikuwa na ndonya mdomoni na chale usoni. Babu yangu alishuka kutoka Makonde juu akaenda kukata mkonge Lindi, manamba. Bibi yangu alikuwa na chale. Tukienda wote Dar tukifika Kariakoo mi na huyo muungwana wangu tunageuka kitu kimoja, watu wa kusini, na neno lenyewe la kumwita mchuuzi barabarani, machinga, wengi wanasema limetokana na Wamachinga wa Lindi. Huwa namtania, namwambia ngazi za heshima zinaishia daraja la Mkapa, ukivuka Rufiji wote mnauza soksi. Kabla ya 2003 hata hilo daraja halikuwepo, mvua ikinyesha unalala njiani na soksi zako.

Lakini tukirudi huku nyumbani ngazi zinasimama tena. Yeye alipata laptopu akiwa kidato cha pili, akasoma shule ya kulipia ya kiingereza tangu chekechea, chuo akasoma nje. Mi nimesoma msingi kwa kiswahili, nikaingia sekondari nikakuta kila kitu kimegeuka kiingereza ndani ya likizo moja. Programu nilijifunza kwenye duka la kuchapa karatasi pale karibu na stendi, kompyuta moja, PHP kwa sababu ndo lugha mwenye duka aliyokuwa nayo, na seva yake ilikuwa ya bei ya kawaida, elfu sitini kwa mwaka ulikuwa unaweka kitu chako hewani. PHP ilianza 1994 pale Rasmus Lerdorf alipotaka kujua nani anafungua ukurasa wake wa wasifu, ilikuwa vijitu vya nyumbani tu, jina lenyewe lilimaanisha ukurasa binafsi, na wasomi wanaicheka mpaka leo. Ila Wikipedia inatembea nayo na Facebook ilianza nayo 2004. Nami nikisikia mtu anaicheka nasikia ile aah ya bibi.

Unaona sasa. Mi nilidhani nabishania seva.

Tukakubaliana nusu kwa nusu. Mfumo mkubwa PHP, na mwenzangu akaruhusiwa kuandika kipande cha kutuma meseji kwa Elixir, kama majaribio, kwenye seva aliyoilipia mwenyewe. Hoja yangu ya ushindi ilikuwa hii, na niliisema kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano wa kijiji: lugha inayofaa Mtwara ni ile ambayo kikiharibika kitu saa sita usiku msimu wa Novemba, kuna mtu Chuno au Ligula anaweza kuamka akarekebisha. Vijana wa VETA, chuo cha ufundi, wanaijua PHP. Elixir mjini hapa tunaijua watu wawili, mmoja ni yeye na mwingine ni mi ninayeijua kwa chuki. Anayechagua lugha anachagua nani atakuwa fundi na nani atakuwa wa kubeba maji. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo.

Na kweli tukamchukua binti mmoja wa VETA, anatoka kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mdogo wa umri ila akikuangalia unajihisi umevaa shati nje ndani. Mama yake alikuwa anauza korosho kwa kangomba, yani njaa ya mwezi wa tatu inakuja, anachukua hela kidogo kwa mnunuzi wa mtaani, msimu ukifika korosho zinapimwa kwa bakuli la huyo mnunuzi, sio mzani, na zinakwenda zote. Kwahiyo risiti ya AMCOS nyumbani kwao hawakuwa nayo kabisa, majina kwenye risiti ni ya watu wengine. Mwaka 2018 minada ilipokwama na serikali ikatangaza Novemba kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, walikuja watu wa uhakiki kuuliza nani ana shamba na nani ni kangomba, yeye alikuwa mdogo lakini anakumbuka mama yake alikaa ndani siku nzima. Shamba analo, mikorosho imemea, korosho tu ndo zilikuwa za mtu.

Mi kwa upande wangu, nikiwa mkweli, nilikuwa na mjomba. Kwetu urithi unafuata mama, mikorosho ya mjomba ni yangu kabla haijawa ya wanawe, na alipoona nahangaika aliweka miti yake kumi na tano rehani nikapata laptopu ya mtumba. Hilo nilikuwa silitaji nikihadithia jinsi nilivyojifunza kwenye duka la kuchapa karatasi. Linaharibu hadithi.

Basi, wiki ya pili ya binti ofisini (ofisi ni chumba cha uani nyuma ya duka la vipuri), skrini yake ikatoa erori ambayo sijawahi kuisahau. PHP ya kwenye seva yetu ilikuwa toleo la zamani, na ikamwambia kuna T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM. Akakaa nayo robo saa kimya. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "kaka, hiki kiingereza sijakielewa". Nikasogea, nikasoma, nami sikukielewa. Tukamwita muungwana mwenye kiingereza cha tangu chekechea, akasogeza miwani, akasoma mara mbili, akasema "hii sijui ni nini". Binti akatuangalia mmoja mmoja halafu akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe na nyie!" Ni kiebrania bana. Waliotengeneza injini ya PHP, Zeev Suraski na Andi Gutmans, ni watu wa Israeli, na ile alama ya nukta mbili mara mbili (::) wakaipa jina la kwao, likabaki humo. Miaka yote hiyo programa wa Marekani na programa wa Tandahimba wakikosea pale wanakuwa mbumbumbu sawasawa. Nadhani ndo erori pekee yenye haki niliyowahi kuiona.

Tangu siku hiyo akawa anauliza kila kitu. Ndo aliyegundua lile la kilo. Tulikuwa tunajaribu kipande cha Elixir kwenye chama kimoja huko bara, meseji ikatoka na kilo zenye mkia wa tarakimu mpaka mstari wa pili, mzee mmoja akamsomea mjukuu wake, akaja kutuuliza kwa heshima kabisa: "Wanangu, hizi sifuri nyingi huku nyuma ni makato gani tena?" Kompyuta inahesabu kwa mbili mbili, sehemu ya kumi haiwezi kuiandika sawasawa, ukijumlisha 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. PHP inafanya kosa lilelile ila ukiiambia ichapishe inakata mkia inakuonyesha 0.3, inakuficha. Binti akauliza, kwani lazima tuhesabu kilo, si tuhesabu gramu, namba nzima, halafu tugawanye mwishoni? Kimya. Watu wawili wenye kampuni walikuwa wamebishana miezi minne kuhusu lugha na hakuna aliyewaza gramu. (Huyohuyo mzee, tulivyomwambia kazi yetu ni kuandika kodi za kompyuta, alisimama kabisa. "Kodi nyingine?" Siku hizi tunasema tunaandika programu.)

Niingize hapa kitu kimoja maana kinanisumbua. Brazil wametoa Elixir, lakini kabla yake wametoa Lua, mwaka 1993, chuo kikuu cha PUC cha Rio de Janeiro, watu watatu. Walikuwa na vizuizi vya kununua vifaa na programu za kompyuta kutoka nje, wakajizoesha kutengeneza vya kwao, na mteja wa maabara yao alikuwa Petrobras, kampuni ya mafuta ya nchi. Leo Lua imo kwenye magemu dunia nzima. Neno lenyewe ni mwezi kwa kireno, ukivuka Ruvuma kwa ndugu zetu wa Msumbiji hata mtoto anakwambia. Sasa sisi gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Mwaka 2013 watu wa hapa waliingia barabarani kwa ajili yake, 2015 bomba likakamilika, kilomita 542, ikaenda Dar. Mafuta ya wenzetu yameacha lugha nyuma yake. Ya kwetu imepita chini ya mashamba. Sijui mtu wa kumuuliza.

Turudi. Msimu ukaisha, tulikuwa na vyama vitatu tu lakini meseji zilifika. Kipande cha Elixir hakikuanguka hata siku moja, na kile cha PHP kilianguka mara mbili, mara ya pili siku ya mnada, nami nilikiinua kwa mkono huku natetemeka. Nilijitetea kwamba angalau nilijua pa kushika.

Mwezi wa pili nikamkuta binti anabaki ofisini jioni na mwenzangu, ubaoni kuna michoro ya vijichumba na msimamizi juu yake. Anajifunza Elixir. Nikamwuliza, kwa utani lakini sio utani sana, PHP imekukosea nini? Akasema haijanikosea. Nikamwambia mi niliweka mfumo kwa PHP kwa ajili ya watu kama wewe, ili usifungiwe nje. Hapo akaweka peni chini.

"Kaka, uliniuliza?"

Nikasema nini.

"Mlivyokuwa mnachagua. Uliniuliza naweza ipi? Kaka huyu" (akimwonyesha muungwana) "alisema ngumu, akadhani siiwezi. We ukasema rahisi, nawe ukadhani siiwezi. Mi naona mmesema kitu kimoja."

Mwenzangu alijifanya anafuta ubao uliokuwa msafi.

Nilienda nyumbani kwa miguu siku hiyo, Chuno mpaka Magomeni, sikutaka bodaboda. Kuna wema fulani nimeurithi bila kujua, ni uleule wa yule mwalimu wa sekondari, mtu mzuri kabisa, aliyetugawa darasa akasema nyie wa shule za kata nitawapa maswali mepesi ili msikate tamaa. Tulimshukuru. Na kwenye mtihani wa taifa maswali mepesi hayakuja. Sasa mi nilikuwa nimekaa Shangani na pweza wangu nikimpigania binti ambaye hata sijamwona bado, namchagulia foleni ya kusimama, na hasira yangu yote ya aah ya bibi nikaimaliza kwa kusema aah na mimi, ila kwa upole.

Sasa hivi PHP bado ipo na sioni aibu nayo, kurasa za makarani na ripoti za chama zinatosha kabisa humo na sioni sababu ya kuzihamisha kwa sababu tu mtu kaona video. Foleni ya meseji yote imehamia Elixir, na anayeisimamia ni binti. Mwenzangu kapata kazi Dar, anatuma ushauri usiku. Kwahiyo ile hoja yangu kuu, kwamba Elixir inajulikana na watu wawili mjini, bado ni kweli, ila wamebadilika.

Jana binti alikuwa huko kwao Tandahimba kwenye chama, kaenda mwenyewe kuwafundisha makarani kabla ya msimu. Kuna mstari kwenye programu yake sikuuelewa, unaua kazi makusudi halafu unaiacha ijiinue, nikampigia anieleze. Nyuma nasikia watu, mzani unagonga, mtu analalamikia gunia.

"Subiri kaka," akasema. "Namalizana kwanza na mama hapa, risiti yake ya kwanza hii."

Akaiweka simu mezani bila kukata.